Mvuvi na mtumbwi wake: nani alizama?

Muhula uliopita nilikuwa nimeketi nyuma ya darasa la Kidato cha Pili katika shule moja iliyo kando ya ziwa, mwendo wa bodaboda usiozidi nusu saa kutoka Kisumu mjini, nikimtazama mwalimu mwanagenzi akifundisha upatanisho wa kisarufi. Kazi yangu ilikuwa kujaza fomu ya tathmini. Kijana alikuwa hodari. Sauti yake ilisikika hadi nyuma, mwandiko wake ubaoni ulisomeka, na jedwali lake la ngeli alikuwa amelichora kwa rula. Baada ya maelezo aliwapa wanafunzi sentensi kumi za kujaza mapengo. Saba za kwanza zilikwenda vizuri. Ya nane ndiyo iliyonifanya niweke kalamu chini:

"Mvuvi na mtumbwi wake ____ (zama)."

Darasa likagawanyika. Kuna waliosema wamezama, kuna waliosema umezama, na mvulana mmoja karibu na dirisha akashikilia kwamba ni vimezama. Msichana wa safu ya mbele hakujaza pengo hata kidogo. Aliandika sentensi yake mwenyewe: "Mvuvi amezama na mtumbwi wake." Mwalimu alipopita kusahihisha akamwekea alama ya kosa. "Umebadilisha sentensi," alimwambia. "Hukuulizwa hivyo." Msichana akajibu kwa adabu, "Lakini mwalimu, mtumbwi si mtu." Wenzake wakacheka. Jibu la mwongozo lilikuwa wamezama, na ndilo lililobaki ubaoni.

Baada ya kipindi tuliketi nje kivulini, mimi na mwalimu, tuzungumzie somo lake. Nilipomwuliza kuhusu sentensi ya nane hakusita. "Prof, hawa ni watoto wa huku ziwani. Dholuo haina ngeli, kwa hivyo upatanisho unawasumbua sana." Nikamwuliza kanuni aliyoitumia ameitoa wapi. Akafungua daftari la chuo, akapekua, akanionyesha: viima viwili vya ngeli tofauti vikiunganishwa na kimoja kikiwa cha A-WA, kitenzi hufuata A-WA katika wingi. "Ni mihadhara yako, Prof. Mwaka wa pili."

Ni kweli. Nimeiandika kanuni hiyo ubaoni kwa miaka mingi, nikaitungia maswali, nikaisahihisha. Siku ile, kwa mara ya kwanza, niliiona ikimnyima alama mtoto ambaye Kiswahili chake kilikuwa kimeishinda.

Hebu tuyapime majibu yale manne jinsi sikio linavyoyapima. Ukisema "mvuvi na mtumbwi wake wamezama", umeupa mtumbwi roho. Ukisema "vimezama", umemfanya mvuvi kuwa chombo, na mjane wake akikusikia hatakusamehe. Ukisema "umezama", kitenzi kimeshikana na nomino iliyo karibu nacho, mtumbwi umekwenda chini lakini mvuvi umemwacha ufukoni. Nimewahi kuyasikia yote matatu, na sitamwita mjinga yeyote aliyeyasema. Lakini msichana yule hakuchagua mojawapo. Alimweka mvuvi mahali pa kiima peke yake, akampa kitenzi chake halali, kisha akauleta mtumbwi nyuma ya kitenzi kwa na. Maana imetimia, hakuna aliyedhulumiwa, na ndivyo mtu yeyote pale Dunga angekupasha habari hiyo ukimkuta anarekebisha nyavu.

Siri yote imo katika hiyo na. Sisi walimu tumezoea kuiita kiunganishi tukapita. Lakini na ya Kiswahili hufanya kazi mbili ambazo Kiingereza kimewagawia watu wawili: kuunganisha na kuandamanisha. "Atieno na Akinyi wamefika" ni kuunganisha. "Atieno amefika na Akinyi" ni kuandamanisha. Na kuna muundo wa tatu ambao vitabu vyetu vya shule huugusa kwa nadra: "Tulienda Dunga na Atieno." Hapo walioenda ni wangapi? Mara nyingi ni wawili, mimi na Atieno, ingawa kitenzi kimeshatuhesabu sote hata kabla Atieno hajatajwa. Mtu aliyekulia katika Kiswahili husema hivyo bila kufikiri. Aliyelelewa na kitabu cha sarufi huona lazima aanze na "Mimi na Atieno tulienda", ambayo pia ni sahihi, ila imevaa tai.

Sasa mtazame Mwingereza. Sentensi yake, "The fisherman and his boat have sunk", haina shida yoyote. Upatanisho wa Kiingereza huuliza swali moja tu, ni wangapi, na hata hilo huuliza kwa uvivu: nje ya wakati uliopo, na vitenzi vichache kama was na have, kitenzi hakibadiliki. Ukishaunganisha viwili kwa and, ni wingi, basi. Kiswahili huuliza ni wangapi na pia ni wa aina gani, tena huuliza katika kila wakati na kila hali. Kwa hiyo muundo ambao kwa Kiingereza ni mlango ulio wazi, kwa Kiswahili ni njia panda, na wenye lugha walijifunza zamani kuuzunguka.

Kwa nini basi sentensi za namna ile zimejaa katika mazoezi yetu? Naamini ni kwa sababu tulizirithi. Sarufi za mwanzo za Kiswahili zilizochapishwa ziliandikwa kwa Kiingereza na kwa ajili ya Waingereza. Kitabu cha mwongozo cha Edward Steere kilitoka mwaka 1870, na sarufi ya E. O. Ashton, ambayo wengi wetu tuliiweka chini ya mto, ilitoka mwaka 1944. Siwalaumu. Mgeni anayejifunza lugha ana haki ya kuanza na sentensi aliyo nayo kichwani na kuuliza, "Hii nitaisemaje?" Lakini mtoto wa ufukoni hana sentensi ya Kiingereza kichwani anapoanza kueleza ajali ya ziwani. Ana ajali. Sisi ndio tunaompa sentensi ya Mwingereza iliyokwisha kupangwa kwa Kiswahili, tukatoboa tundu mahali pa kitenzi, tukamwambia aliziba.

Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 na Kiswahili kikawa somo la lazima lenye kutahiniwa, tulihitaji vitabu vingi kwa haraka, na mazoezi mengi zaidi kwa ajili ya mitihani. Zoezi la kujaza pengo lina faida moja kubwa: husahihishwa upesi. Ukiwa na rundo la karatasi za wanafunzi mia moja na ishirini na taa inapepesa, utalipenda. Mimi pia nililipenda.

Nisije nikaonekana nimewatupa mashujaa wetu. Utaratibu wetu wa Kenya wa kuziita ngeli kwa viambishi vya upatanisho, A-WA, KI-VI, U-I, LI-YA na wenzake, ni bora kwa darasa kuliko nambari zilizoanzishwa na Wilhelm Bleek mwaka 1862 na kuendelezwa na Carl Meinhof. Nambari hufuata umbo la nomino. Kwa umbo lake, kiboko ni wa ngeli ya saba, pamoja na kiti na kijiko. Lakini nenda Hippo Point jua linapotua uone kama utasema "kiboko kimetokea". Utasema "kiboko ametokea", tena kwa sauti ya chini. Kiboko kinachopotea ni ule mjeledi wa kale wa mwalimu mkuu. Vifaru nao wakiingia mjini, piga simu kwa wahifadhi wa wanyama, ila vifaru vikiingia mjini, funga mlango, serikali imepinduliwa. Jedwali letu linaonyesha tofauti hizo waziwazi, na mtoto huzikumbuka.

Kasoro yake ni kwamba huzunguka mkia wake. Kwa nini samaki yuko A-WA? Kwa sababu huchukua a- na wa-. Kwa nini huchukua a- na wa-? Kwa sababu yuko A-WA. Ukimwambia mwanafunzi hivyo na asikuulize zaidi, mshangae. Mwanafunzi wa Kisumu ana sababu nzuri ya kuuliza, maana samaki anaowajua zaidi wamelala juu ya meza Kibuye. Wamekufa. Kitabu kinasema "samaki ameoza", mama muuzaji anasema "samaki imeoza", na mtoto anaona wazi kwamba mama muuzaji ana hoja: kinachooza si kiumbe tena, ni bidhaa. Jibu la kweli ni kwamba Kiswahili sanifu humwachia samaki, kuku na ng'ombe heshima ya uhai mpaka sufuriani. Samaki amekaangwa, kuku ameliwa. Akikatwakatwa akawa nyama, ndipo ngeli hubadilika: nyama imeiva. Hilo ni jambo la kuvutia sana kuhusu jinsi lugha inavyotazama ulimwengu, na lingestahili kipindi kizima badala ya mstari mmoja katika jedwali.

Tena ziwa letu lina vigumu zaidi. Chukua omena, ambao pwani wangewaita dagaa. Omena wameisha, imeisha au zimeisha? Sokoni "imeisha" inatawala. Darasani naunga mkono "wameisha", ingawa nakiri kwamba kumtazama omena mmoja na kumwita yeye kunahitaji imani. Kisha chukua kidagaa. Riwaya ya marehemu Ken Walibora iliyotoka mwaka 2012 na kusomwa na watahiniwa wengi wa KCSE inaitwa Kidagaa Kimemwozea, na sijasikia mwalimu hata mmoja akidai iitwe Kidagaa Amemwozea. Mbona? Kwa sababu kile ki- cha udogo huja na mamlaka yake. Kinaweza kumvuta kiumbe kutoka A-WA hadi KI-VI kwa kusudi la kudunisha, kama tunavyosema "kijitu kile kimerudi tena" kuhusu mtu ambaye hatukumkaribisha. Na hapo nahau yenyewe haizungumzii samaki. Mambo ndiyo yaliyomharibikia mtu. Ki- ya kifaranga haina nguvu hiyo, kwa hiyo kifaranga amekufa. Viambishi viwili vinafanana sura lakini havina tabia moja.

Na Obunga je? Pale mtaani wanakaanga mifupa ya mbuta iliyobaki viwandani baada ya minofu kukatwa, na biashara hiyo wameipa jina zuri kuliko yote niliyoyasikia katika Kiswahili cha ziwani: mgongo wazi. Ni samaki, lakini nomino inayoongoza ni mgongo, basi mgongo wazi umekaangwa, migongo wazi imekaangwa. Hakuna profesa aliyewafundisha.

Narudi kwa viima viwili. Vyote viwili vikiwa vitu visivyo na uhai, Kiswahili kina njia tulivu ya kutoka, nayo ni vi-. Kiti na meza vimevunjika. Kisu na sahani vimeoshwa. Vi- hapa si wingi wa ki-. Ni kama kapu la kutilia vitu vya kila namna, kile tunachokusudia tunaposema vitu. Wengine hupendelea kufuata nomino ya mwisho: kiti na meza imevunjika. Zipo sentensi ambapo kufuata ya mwisho kunapendeza, hasa nomino ya mwisho ikiwa nzito na ndefu. Msemaji stadi pia huweza kupindua mpangilio, "umezama mtumbwi na nyavu zake", kitenzi kikaitikia nomino ya kwanza inayokifuata na hakuna anayelalamika. Au huorodhesha kisha akajumlisha: "mtumbwi, taa na nyavu, vyote vimekwenda na maji." Watu nao wana daraja zao: wewe na ndugu yako mmechelewa, mimi na wewe tumechelewa. Anayesema humvuta anayesemeshwa, na wote wawili humvuta anayesemwa. Hilo halina ubishi, kwa hiyo linafundishika kwa dakika kumi.

Lenye ubishi ni chakula. Ingia mkahawa wowote wa Kisumu uagize. Darasani ningesema "ugali na samaki vimeletwa", na ningeitetea vi- yangu kwa maelezo niliyoyatoa sasa hivi. Mhudumu atakuambia, "Ugali samaki iko tayari, mzee." Ameiondoa na kabisa. Haoni vitu viwili vya ngeli mbili. Anaona sahani moja inayotoka jikoni. Cha ajabu ni kwamba hapo amekubaliana na Mwingereza, ambaye naye hufundishwa shuleni kwamba "bread and butter" huchukua kitenzi cha umoja kwa sababu mkate na siagi yake ni mlo mmoja. Nikiandika makala ya kitaaluma sitaandika kama mhudumu. Lakini siwezi kusema hajui anachokihesabu.

Sasa lile dai la mwanagenzi wangu, kwamba Dholuo haina ngeli na ndiyo maana watoto wanatatizika. Sehemu ya kwanza ni kweli. Dholuo si lugha ya Kibantu; ni ya Kiniloti. Nyathi osebiro, mtoto amekuja. Nyithindo osebiro, watoto wamekuja. Yie osebiro, mtumbwi umekuja. Kitenzi ni kile kile, o- ile ile kwa mtoto, kwa watoto na kwa mtumbwi. Anayetoka katika lugha hiyo akaingia Kiswahili amehamia nyumba yenye vyumba vingi, na ni haki yake kupotea mara moja moja.

Ila sehemu ya pili sikubaliani nayo, na nina sababu mbili. "Kitabu imeanguka" na "viti imevunjika" husikika pia Kakamega, Thika na Machakos, na Waluhya, Wakikuyu na Wakamba wanazo ngeli nyumbani kwao, tena tele. Kama ukosefu wa ngeli ungekuwa ndio ugonjwa, hao wasingeugua. Ile i- inayomeza vitu vyote ni mazoea ya Kiswahili cha mjini cha bara, na Mjaluo ameikuta kama alivyoikuta matatu. Pili, na hili ndilo lililonigusa siku ile, Dholuo ina neno gi. Atieno gi Akinyi: Atieno na Akinyi. Gi hiyo hiyo huunganisha na huandamanisha, sawasawa na na yetu. Kwa hiyo katika sentensi ya nane msichana yule hakuponzwa na lugha ya mama yake. Ikiwa ilimfanya lolote, ilimsaidia. Aliyetatizika ni mwalimu aliyekuwa na Kiingereza nyuma ya kanuni yake, na nyuma ya huyo mwalimu, mimi.

Huenda msomaji anasema, haya ni mambo ya darasani, alama moja tu. Basi tutoke darasani. Ajali za ziwani ni habari za kawaida kwetu. Dhoruba hufika ghafla, na wavuvi wa omena hufanya kazi usiku, kwa taa, mwezi ukiwa haupo. Fikiria familia zilizokusanyika ufukweni zikisikiliza redio ya simu. Mtangazaji anasoma: "Mmoja wa wavuvi aliyezama ametambuliwa." Kisha kituo kingine: "Mmoja wa wavuvi waliozama ametambuliwa." Katika sentensi ya kwanza amezama mmoja, na wengine huenda wako njiani kurudi. Katika ya pili wamezama kadhaa, na ni mmoja tu anayejulikana. Kati ya tumaini na kilio pana silabi moja au mbili za upatanisho. Nimeisikia sentensi ya kwanza mara nyingi pale ambapo ilikusudiwa ya pili, redioni na magazetini, na sijui kama walioisoma waliwahi kufikiria nani anawasikiliza.

Au "kundi la wavuvi limezama". Sarufi ya jedwali inaikubali, maana kundi ni LI-YA. Lakini kundi halizami. Huzama watu, kila mmoja kwa pumzi yake. "Kundi la wavuvi limekutana na gavana" ni sawa, kwa sababu kukutana ni tendo la kundi. "Kundi la wavuvi wamezama" kwangu ni bora kuliko limezama, ingawa najua wenzangu kadhaa watashika vichwa. Jaribio ni rahisi. Umati ulijaa uwanjani: hapana neno. Lakini "umati ulivua shati lake"? Shati lipi hilo la kutosha? Umati wa mashabiki walivua mashati yao. Kitenzi kinapogusa mwili wa mtu mmoja mmoja, lugha hurudi kwa watu.

Kurasa za michezo zimekuwa zikiishi na jambo hili bila kulalamika. Gor Mahia ilitwaa Kombe la Washindi barani Afrika mwaka 1987: klabu, taasisi, i-. Gor Mahia wamechoka kipindi cha pili: wachezaji, miguu, wa-. Waingereza nao hawajakubaliana kama timu ni has au have, na Wamarekani wamewaacha wabishane. Mwandishi mzuri wa michezo hubadilisha ndani ya aya moja na msomaji haoni mshono. Lakini karatasi ya mtihani ingemtaka achague moja.

Tufanye nini? Sipendekezi tuondoe upatanisho katika Karatasi ya Pili, wala tuwaambie watoto kwamba kila kitu ni sawa. "Viti imevunjika" katika insha bado ni kosa na nitaliwekea mstari mwekundu. Ninachotaka ni tuache kuuliza, kwa njia ya pengo moja na jibu moja, maswali ambayo lugha yenyewe ina majibu mengi. Swali la kiima kigumu liulizwe kama swali: "Mvuvi alikuwa ndani ya mtumbwi. Vyote viwili havikurudi. Eleza kwa sentensi moja." (Mmeona nilivyoteleza hapo? "Vyote viwili." Nimeiacha makusudi. Ilinitoka hivyo na nikatafuta nafuu nisiipate haraka.) Mwongozo wa kusahihisha uorodheshe majibu yanayokubalika na useme ni kwa nini, na mwalimu apewe ruhusa ya kutoa alama kwa jibu ambalo mwongozo haukuliota. Nitaambiwa kwamba usahihishaji utachukua muda zaidi. Utachukua.

Kwa upande wangu, kanuni ile nimeikata katika mihadhara. Mahali pake nimeweka sentensi kumi na mbili zenye viima vigumu, nyingi nimeziokota Kibuye na Dunga, na tunazijadili kwa saa mbili badala ya kuzinakili kwa dakika tano. Wanafunzi wengine hawafurahi. Mmoja aliniuliza, "Sasa Prof, kwenye mtihani tuandike gani?" Nilimwambia aandike ile anayoweza kuitetea. Hakuridhika, na simlaumu, kwa sababu mtihani wa kitaifa atakaowaandalia wanafunzi wake bado haumpi nafasi ya kutetea.

Mwanagenzi naye aliniandikia ujumbe wiki mbili baadaye. Alirudi darasani, akasoma sentensi ya msichana yule kwa sauti, akamrudishia alama yake mbele ya wenzake. Halafu yule mvulana wa karibu na dirisha, aliyekuwa ameshikilia vimezama, akanyoosha mkono na kuuliza: "Mwalimu, na kama mtumbwi umezama lakini mvuvi ameogelea akatoka, tunasemaje?" Wakatumia kipindi kizima kwa hilo. Ananiuliza kama ataadhibiwa kwa kutomaliza silabasi.